Fomu Iliyosema Husikii

Jumanne, 11 Machi. Asubuhi mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Mdogo wangu Kabula,

Nakuandikia kwa sababu simu haikufai kwa masikio yako, na katika hilo nina lawama yangu.

Ulikuwa na miaka saba, umetoka kwa bibi na Kisukuma tu mdomoni. Mwalimu alikuonyesha picha ya ng'ombe, akauliza kwa Kiswahili ni nini. Ukapiga magoti na kuinamisha macho, kama bibi alivyotufundisha kumwamkia mkubwa.

"Nitazame usoni," akasema.

Ukazidi kuinama. Akaona ni kiburi. Aliniita mimi, wa darasa la tano, nikushike mikono. Nikashika. Fimbo ilivunjika mgongoni kwako, akamalizia kwa kibao cha sikio. Damu ilichuruzika hadi kwenye kola. Kisha akajaza fomu ya kukupeleka kitengo cha elimu maalumu: haelewi, hasikii. La kwanza lilikuwa uongo. La pili alikuwa amelifanya kweli dakika ile. Baba aliporudi kutoka mashimo ya dhahabu ya Masumbwe, alimpiga mama kwa kumzalia bubu.

Sasa najitolea kufundisha. Leo mwenzangu alikuwa anampima binti wa wafugaji kwa picha za namna ile, fimbo mezani. Mtoto kimya. Fimbo ilipoinuka niliidaka, ikanichana kiganja. Tukavutana hadi nikamsukuma ukutani.

"Madamu, una wazimu? Huyu ni wa kitengo, kila mtu anaona."

Nikamuuliza mtoto kwa Kisukuma. Akajibu kwamba ng'ombe yule anaumwa, mbavu zimemtoka, na mwenye ng'ombe huyo ni mvivu wa kuchunga. Darasa zima likacheka. Mwalimu mkuu, aliyekuja kwa kelele zetu, akaamuru mtoto apimwe upya kwa lugha ya nyumbani kwao, na mimi nisionekane tena shuleni hapo.

Kabula, kumuuliza kulichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Siku yako nami nilikijua Kisukuma. Ila aliyekisema shuleni alichapwa, nikahofia mgongo wangu. Maneno yote ya kukuokoa nilikuwa nayo. Nikakushika mikono.

Usinisamehe upesi. Kaa salama huko Kagongwa.

Dada yako

Nimeongeza asubuhi: barua hii ilinikesha, nililala saa tisa kasoro robo usiku.