Zaburi Iliyoishia Ukurasa wa Tatu

Baba yangu mpendwa,

Jana tuliimba ile zaburi. Ile ya Kilatini, ya sauti tano, ya mtu anayemlilia Mungu akiwa chini kabisa. Ulisema aliyeitunga, miaka mia nne na zaidi iliyopita, hakuwahurumia watu wa sauti ya pili. Kanisa hapa Erdington, huku ng'ambo, lilijaa nusu, baridi tele, nami nilisimama nyuma na karatasi zako mkononi.

Unakumbuka tulivyoanza? Kwaya ya huku inasoma noti za mistari, na mimi nilikulia kwenye do, re, mi ulizotuandikia ubaoni kule Bungoma. Niliona haya kumwambia mwalimu wao kwamba sijui kusoma, nikakupigia wewe. Nikawa napiga picha ukurasa mmoja mmoja, nakutumia kwa WhatsApp, nawe unaugeuza kuwa herufi za do, re, mi kwa mwandiko wako na kunirudishia picha, nami naichapisha. Jumapili moja ulianza sauti ya tatu kwenye simu, nami nikaingia nyuma yako. Mtandao ulipochelewesha sauti yangu, ukauliza, "Mama, umelala?" Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ukurasa wa kwanza na wa pili ulikuja safi, kama kawaida yako. Wa tatu ulikawia wiki mbili, ukafika herufi zimepandana, na uliishia katikati. Nikakuandikia, Mungu anisamehe: "Baba, mwandiko gani huu? Malizia vizuri, watu wananingoja."

Ukajibu, "Nimechoka kidogo, mama. Imba hapo kwanza."

Hakuna aliyeniambia umelazwa. Kaka Wafula alisema baadaye kwamba mliamua nisisumbuliwe, niko mbali na nina kazi. Ndivyo tulivyozoea kwetu, mtu wa ng'ambo anaambiwa mambo yakishaisha. Lakini kazi yangu ni kutunza wazee, Baba. Mzee nisiyemjua akitetemeka mkono, naandika ripoti siku hiyo hiyo. Mkono wako niliukemea.

Mazishi yako niliyatazama kwenye simu, nimekaa kitandani na sare ya kazi. Nimejaribu kujisamehe, sijaweza, na sioni siku nitakayoweza. Watu kanisani wananiambia muda utaponya. Naitikia kwa heshima tu. Mwalimu wa kwaya alijitolea kunifundisha sehemu iliyobaki, nikamwambia asijisumbue.

Jana sauti ya tatu ilianza, mtu mwingine kabisa, nikaingia nyuma yake bila kuchelewa. Niliimba ukurasa wa kwanza, wa pili, na nusu ya wa tatu. Mwandiko wako ulipokoma, nikafunga mdomo. Waliendelea mpaka mwisho, na hakuna aliyegundua kwamba nimenyamaza.

Pumzika, Baba. Sitakuletea ukurasa mwingine.

Binti yako,
wa sauti ya pili