Kibandiko cha Fuvu

Muthangari, 6 Mei 2025

Maxwell ndugu yangu,

U mzima? Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila nimejaa kinyaa. Hushiki simu yangu, basi soma.

Leo nimeliona lori lako limekwama kwenye jam chini ya ofisi yetu Westlands, limejaa mapipa ya sumu ya kunyunyizia maua, na hakuna kibandiko hata kimoja. Kazi yangu ni kupanga shehena, sheria hizo nazijua: kokote duniani sumu husafiri na alama, namba na jina lake, na haikai na chakula. Eti, ulivyoniambia mwenyewe, bosi wako Ephantus anasema lile fuvu la hatari linatisha wateja wa mtaa wa Karen! Na wewe unabandua kwa kisu huku unapiga mluzi. Inachukiza.

Dadako,
Nanjala

Kangemi, 8 Mei

Dada Nanjala,

Sasa? Mgongo uko sawa, asante. Wewe na sheria zako! Nikikataa mimi, kesho kiti kina mtu mwingine.

Halafu Ephantus si mbaya vile. Ametupa lori bure tumpeleke marehemu mjomba nyumbani Butere. Akina mama wa kanisa wameleta unga na maharagwe ya matanga, nimepakia. Pipa moja lilikuwa limevuja sakafuni, lakini nimesugua na sabuni ya Omo mpaka harufu ikaisha. Tunaondoka sasa. Mama amekaa mbele na mimi, anamwombea Ephantus baraka.

Mdogo wako,
Maxwell

Muthangari, 8 Mei

Maxwell,

Leo sina salamu. Omo? Harufu ikiisha sumu haijaisha, inapenya magunia. Kuwalisha watu uchafu huo! Mwaga chakula chote mbele ya waombolezaji, hata wakikucheka. Nijibu.

Dadako

Butere, 10 Mei

Dada,

Natumai u mzima. Sisi si wazima.

Simu iliisha chaji njiani. Ujumbe wako niliusoma jana tukitoka kaburini, na ugali ulikuwa tayari. Nikasimama, nikasema ukweli. Watu wakafoka kwamba tunawanyima chakula, kwamba nataka kukirudisha Nairobi nikiuze. Mama hakuvumilia nikitukanwa. Akachota sahani, akala mbele ya wote, akasema mwanawe hawezi kubeba sumu. Wengine hawakupata nafasi ya kula, maana alianguka mapema.

Tuko hospitali. Daktari anauliza ni sumu gani, ili ajue dawa. Ephantus alishika simu mara moja tu, akauliza lori linarudi lini, akakata.

Najichukia, dada. Jina la sumu hiyo nililibandua kwa mkono wangu, na sikulisoma.

Mdogo wako