Matairi Yasiyotembea

Jumatatu, 4 Agosti

Barabara ya kurudi kwetu imefunguliwa! Redio imetangaza mara mbili, kwa sauti ile ile ya kutangazia bei ya sukari. Binti yangu aliketi sakafuni, pale pale alipokuwa akipiga deki. Mkwe wangu akatoka moja kwa moja kwenda kulivua gari turubai.

Gari hili limekaa uani tangu tulipokimbilia hapa. Ni la kurudia, si la kutembelea. Hiyo ilikuwa amri ya marehemu mke wangu: likitembea hapa, tutakuwa tumekubali kuwa hapa ni kwetu. Basi tuliliwasha kila mwezi, tukaliosha, tukayapaka matairi rangi ya viatu yang'ae. Getini halijatoka hata siku moja.

Limewaka. Mkwe anasema matairi ni mapya, maana hayajatembea. Safari Jumapili — kabla mvua hazijafunika daraja.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nimelikuta limeinama. Mbele, upande wa abiria. Kidogo tu, kama mtu ameketi pale.

Nimelijaza tairi upepo kwa pampu ya mguu. Mkwe akanitania kwamba namlea mtoto wa uzeeni.

Alhamisi, 7 Agosti

Limeinama tena. Kiasi kile kile.

Nilipaka maji ya sabuni tairi zima, nikangoja mapovu. Hakuna. Lakini nilipolifuta, rangi ya viatu ilitoka na kitambaa, na chini yake — nyufa. Nyembamba, nyingi, kama kisigino changu. Nikatega sikio.

Nimesoma vya kutosha kujua kuwa upepo hutoka penye ufa. Hutoka tu. Huu ulitoka, ukatulia, ukarudi ndani. Mwaka wake wa mwisho mke wangu alilala kwa pumzi ya namna hiyo, nami nikiwa macho kandoni, nikiisubiri irudi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwita fundi wa matairi, yule wanayemwita Pancha. Mkwe alikuwa kazini. Pancha alibonyeza mpira kwa ukucha, ukabaki na kovu. Akalala chini, akanionyesha tarakimu nne ndani ya duara lenye umbo la yai: wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Ndio mwaka aliozaliwa mjukuu wangu mkubwa, ambaye sasa ananyoa ndevu.

Nikamwambia meno ya tairi bado marefu. Akacheka.

"Mzee, meno yote yapo, ufizi ndio umeoza. Tairi ni kama mkate. Usipoliwa haubaki mpya, unakauka tu."

Akakagua yote, na la akiba. Yote yamekufa yakiwa yamesimama. Hapa uani yanaweza kukaa hata miaka. Tukipakia watu na mizigo, kwenye ule mteremko wa kona wa njiani, jua likiwa kali — yatapasuka. Saizi hii haipatikani mjini, lazima iagizwe; itafika mvua zikishaanza.

Nikamwomba asimwambie mtu. Nitawaambia mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijawaambia.

Binti yangu amekunja kanga za mama yake akiimba. Sijamsikia akiimba tangu msiba. Mkwe anasema tukikosa safari hii, tutakwenda mwakani. Mwakani ni kwa wenye mapafu; yangu hayafiki huko.

Gari limeinama mchana huu, mbele ya macho yangu. Taratibu, kwa adabu, kama mama mtu mzima anayejiweka kitini.

Jumapili, 10 Agosti

Wamepakia. Jua limeshatoka. Ufunguo umo mfukoni mwangu tangu alfajiri, na mkwe anapekua kila droo.

Binti yangu akanijia pale kibarazani, akaniuliza kama nimeuona. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya Pancha vizuri, moja baada ya lingine. Mdomo ukasema jingine:

"Mama yako anao."

Nilitaka kuyarudisha. Nilidhani atalia, au atamwita mumewe aje aone mzee amechanganyikiwa. Hakulia. Aligeuka, akakitazama kiti cha abiria kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, mumewe asisikie:

"Kumbe na wewe unamwona, baba."

Nikasema nafuata miwani. Miwani ninayo usoni. Niko chumbani, naandika nimesimama, naona uani kupitia dirisha.

Mkwe amekata tamaa ya droo, sasa anapandisha wajukuu zangu. Anawaambia mmoja akae mbele, kuna nafasi. Wanabanana nyuma wote. Yule mdogo amepita kando ya mlango wa mbele, ameinamisha kichwa, ametoa shikamoo.

Ufunguo umelowa jasho. Binti yangu hajaingia garini. Anatazama dirisha hili.