Mwanamke Aliyenipa Mgongo Ukutani

Korogwe, Jumapili. Mawingu yamelala juu ya Usambara tangu asubuhi. Mvua hainyeshi wala haiondoki.

Mama amepanda basi la Handeni leo baada ya chakula cha mchana. Nyumba imekuwa kimya mno. Nimejifungia humu kwenye chumba changu cha kazi niandike yaliyotokea, kabla sijaanza kujidanganya kwamba hayakutokea.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kilikuwa stoo ya mahindi. Nikakipaka rangi nyeupe, nikaweka meza, kiti na rafu, nipate pa kuhariria vitabu vya shule mbali na televisheni ya sebuleni. Kuta zikabaki tupu. Nilitaka picha moja tu, ya kupumzishia macho.

Nikaipata Mombo. Basi lilisimama abiria wanunue chakula, nami nikashuka kujinyoosha, nikaziona picha zimeegemezwa kwenye ukuta wa duka. Nyingi zilikuwa za twiga na Wamasai, za kuuzia wageni. Moja haikufanana na zile nyingine. Mwanamke amesimama ukingoni mwa kilima, ametupa mgongo, anatazama bonde lenye ukungu. Khanga yake ya njano imefifia. Mkono wa kushoto umepita nyuma, umeshika kiwiko cha kulia, na huo mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono wa mtu haupindi. Nikadhani mchoraji amekosea. Nikaipenda hivyo hivyo.

Niliitundika mbele ya meza. Haikufaa. Kila nikiinua macho kutoka kwenye kazi, nilijikuta nangoja ageuke.

Si kwamba niliogopa. Nilingoja tu, kama unavyomngoja mtu uliyemwita na unajua amesikia.

Nikaihamishia nyuma ya kiti. Hapo pakawa pabaya zaidi. Kisogo kilinisisimka mchana kweupe, jua linawaka na majirani wanatwanga. Nikaipeleka kando ya rafu, karibu na mlango, nikaanza kuingia ubavu ubavu kama ninayempisha mtu. Siku moja nikasikia mdomo wangu unasema, "Samahani." Nikacheka peke yangu.

Kisha sikucheka tena.

Wiki iliyopita Mama akaja kupimwa jicho. Ana moja tu linaloona. La kushoto lilichomwa na mwiba wa mkonge akiwa msichana, likabaki jeupe kama maziwa. Nikampeleka kwa majivuno akaone chumba changu. Alipofika mlangoni akasimama. Akavua kandambili zake.

"Nani kakupa picha ya Mwanaidi?"

Sikumjua Mwanaidi yeyote. Maisha yangu yote nimejua kwamba Mama ndiye mtoto wa kwanza kwao. Akakaa kwenye kiti changu, akanieleza bila kuondoa uso kwenye picha. Mwanaidi alikuwa dada yake mkubwa. Alianguka mtini utotoni, mkono ukaunga vibaya, ndiyo maana alizoea kusimama ameushika kwa nyuma. Alipokua akaondoka na dereva wa lori, Msambaa, bila ndoa wala kuaga. Babu akakataza jina lake lisitajwe nyumbani, na halikutajwa. Baadaye wakasikia kwamba amekufa.

Mwiba ule ulimchoma Mama baada ya dada kuondoka. "Nililia nikamwita yeye," akasema. "Sikumwita mama yangu. Nilimwita yeye."

Kesho yake tukaenda Mombo.

Mchoraji anaitwa Rajabu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Akamwamkia Mama shikamoo, Mama akaitikia marahaba, na papo hapo akamtajia jina la Mwanaidi. Rajabu akaweka brashi chini.

"Huyo ni mama yangu mzazi. Tumemzika Kwashemshi, huko juu milimani."

Nilimshika Mama, akautoa mkono wangu. Kumbe Mwanaidi aliishi na kuzeeka huko juu, na siku zote wao walikuwa huku chini wakimhesabu miongoni mwa wafu.

Rajabu akatuletea viti. Akasema kila alasiri mama yake akitoka shamba alisimama nyuma ya nyumba, akatazama bondeni, upande wa Handeni. Watoto walikatazwa kumsumbua. "Mgongo wake naujua kuliko sura yake," akasema. Alijaribu mara nyingi kuchora ile sura. Ilikuwa ikitoka ya mtu mwingine, mtu asiyemfahamu.

Hapo akasita, akamtazama Mama. Akaingia dukani, akarudi na picha iliyofungwa kwenye gunia.

Alikuwa Mama. Si Mama wa ujana. Mama huyu huyu wa leo, na mikunjo yake, na jicho la kushoto jeupe.

"Hii niliichora kabla ya Ramadhani," Rajabu akasema kwa sauti ya chini. "Mama yangu alikwenda kaburini na macho yake yote mawili mazima. Sijui jicho hili nilikolitoa. Nikaificha."

Nilijiambia kwamba ndugu hufanana. Kweli hufanana. Lakini Mwanaidi aliondoka kabla ya mwiba, na hakuna aliyempelekea habari.

Basi likapiga honi, wauza mahindi wakalikimbilia.

Rajabu akatupandisha Kwashemshi siku hiyo hiyo. Mama akasoma Fatiha kaburini, akajipangusa uso, akauliza, "Alikuwa akisimama wapi?"

Akaonyeshwa. Akaenda akasimama.

Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hapakuwa na bonde, wala barabara, wala Handeni; weupe mtupu. Mama akatulia pale, ametupa mgongo. Kisha mkono wake wa kushoto ukapita nyuma polepole, ukashika kiwiko cha kulia.

Mama hana tabia hiyo. Sijawahi kumwona nayo.

Rajabu, aliyekuwa kando yangu, akatoa mlio mdogo kooni. Nilitaka kumwita Mama, nikaogopa akigeuka atakuwa nani.

Akageuka. Alikuwa Mama. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye jicho bovu peke yake.

"Alikuwa ananiona," akasema. "Miaka yote hiyo, Zuhura, alikuwa ananiona."

Asubuhi ya leo, kabla ya kuondoka, amenielekeza mwenyewe mahali pa kuitundika picha. "Mweke ukuta wa upande wa Handeni. Huko kwingine unampotezea njia." Nikapiga msumari, yeye akaninyooshea fremu. Ile ya sura yake ameondoka nayo, na gunia lake. Rajabu alikuja stendi kumsindikiza, akambebea mzigo mpaka kwenye siti, akimwita mama mdogo kila neno la pili kana kwamba analijaribu mdomoni.

Na kweli, chumba kimetulia. Nimefanya kazi tangu nirudi kutoka stendi bila kuinua macho. Picha hatimaye ina mahali pake.

Ila jioni hii nimesimama kando yake, nikatazama upande ule ule anaotazama, ukuta mweupe usio na kitu, na nikajua kwamba Mama amefika. Sikuwaza, nilijua. Anashuka kwenye basi. Kandambili moja imekatika, anaiburuta. Amelikumbatia gunia kwa mikono miwili na amekataa kusaidiwa.

Sasa simu inaita. Ni yeye.

Sijaipokea. Kama ataniambia habari ya kandambili, nitaishi vipi na kuona huku?