Nimechaguliwa chuo alichopo binti yangu, nipange wapi?

Dada Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tuko sawa basi habari za kazi, mimi naandika kwa furaha na nisipopata mtu wa kunishika nitaharibu. Mimi ni fundi cherehani, watoto wa jirani wananiita bibi, lakini nilirudi kusoma masomo ya jioni, nikafanya mtihani na vijana wa kuwazaa mwenyewe, wakanicheka weee, na mwezi huu majina yametoka na langu limo, nimechaguliwa chuo kikuu kusomea ualimu! Nilipiga vigelegele mpaka wateja wakadhani kuna harusi. Na utamu wenyewe ni kwamba chuo ni kile kile anachosoma binti yangu wa pekee, yuko mwaka wa pili, yaani mimi na yeye kantini moja, maktaba moja, hata sasa hivi nacheka peke yangu.

Shida ni pa kupanga. Kwetu ni mbali na hosteli za chuo zimejaa. Kuna mtaa wa getini, ambako binti amepanga, ukifunga mlango wako umeshafika darasani, na kuna mtaa wa kilimani, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kumetulia mpaka unasikia jirani akifagia uwanja. Roho yangu yote iko getini, kwa sababu nilikwenda kuangalia nikakuta chumba kimoja tu kiko wazi, na Dada, chumba hicho kimepakana na cha binti yangu! Sikuwa nimemwambia kama nimekuja, nilitaka kumshtukiza. Ni kweli cherehani haikuenea nilipopima, na dirisha linatazama ukuta, na chini kuna mtu anauza spika anazijaribu kutwa nzima, ila hayo niliyaona madogo, cherehani nitaiacha nyumbani. Nikagonga ukuta, nikasikia sauti yake, "Nani?" nikajibu kwa shangwe, "Mimi mama yako, jirani yako mpya!"

Alitoka na taulo kichwani, wapangaji wenzake wamejaa kwenye korido wanacheka, akanivuta pembeni akaniambia, "Mama, nakupenda, lakini ukihamia hapa mimi nahama." Nilinywea, Dada. Kesho yake akanipeleka kilimani kuona chumba ambacho kumbe alikuwa ameshanitafutia tangu majina yalipotoka, kikubwa, dirisha linaingiza mwanga wa asubuhi, ameshamwomba mwenye nyumba, mama mmoja muuguzi mstaafu, nishone mpaka jioni bila kelele za cherehani kuwa kesi, amefungua bomba akaona maji yanatoka, amejaribu kitasa, ameulizia kama njiani kuna taa. Yote tayari! Maana yake alijua mapema kwamba hanitaki karibu. Baba yake, ambaye ni dereva wa lori, nilipompigia simu alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Nyie wanafunzi malizaneni wenyewe." Mwenye nyumba wa getini anataka jibu keshokutwa. Nikichukua chumba chake nitamkosa mwanangu, na nikikiacha, si ndiyo nimeshamkosa? Niambie niende wapi.

Mwanafunzi Mpya

*

Mwanafunzi Mpya, hongera! Hongera tena! Barua yako nimewasomea wenzangu wote hapa ofisini na mhariri wetu, mtu asiyecheka hovyo, amekupigia makofi. Haya, sasa kaa kitako nikuseme.

Wewe mama ni king'ang'anizi. Umemvizia mtu mzima, ukamgongea ukuta mbele ya wenzake, halafu unashangaa amekasirika? Mama yako angekufanyia hivyo ukiwa na taulo kichwani, ungehama mji. Na hebu nikuulize, huo ualimu utausomea wapi humo ndani? Umeyaona maspika, umeliona dirisha, umefika hadi kuitupa cherehani inayokulisha, yote hayo usikie mtoto akikohoa upande wa pili. Chumba hujakitazama hata kidogo. Unaomba kazi ya ulinzi.

Halafu unasema hakutaki. Mwenzangu, soma tena ulichokiandika kwa mkono wako. Mtu asiyekutaka hajaribu kitasa. Haendi kumbembeleza mwenye nyumba kwa ajili ya kelele za cherehani yako. Yeye alipoanza mwaka wa kwanza, nani alifungua bomba? Nani aliulizia taa za njiani? Siwezi kuapa, lakini nina hakika ni wewe. Safari hii amefanya yeye, kimya kimya, akiwa na masomo yake mwenyewe, ili mama yake aje asome kwa raha. Nilipofika hapo machozi yalinitoka, sikufichi.

Kwa hiyo sikiliza. Mpigie simu leo mwenye nyumba wa getini, mwambie chumba ampe mwingine. Nenda kilimani na cherehani yako, uiweke pale penye mwanga. Huo mwendo wa nusu saa utautumia kurudia masomo kichwani, na kwa umri wetu miguu inahitaji kazi. Binti mwombe radhi kwa ule ukuta, kwa maneno machache, usianze kulia ukamfanya yeye ndiye akubembeleze. Mkikutana chuoni msalimie kama mwanachuo mwenzako. Mkitaka kula pamoja pangeni siku, na akisema hana nafasi, amini kwamba hana nafasi. Na chumba chake usikikague, hata kama mlango uko wazi.

Atakuja mwenyewe kilimani, tena mara nyingi kuliko unavyodhani. Siku atakapobisha hodi, usikurupuke kufungua. Mjibu ukiwa kitini: "Subiri mwanangu, nasoma."