Kuruka Kijito Kabla Mwezi Haujaandama

Jumanne, 14 Aprili 1936

Mvua toka alfajiri. Hakuna mnunuzi. Nani anunue mitawanda, viatu vya mbao, siku ya tope? Kariakoo nzima peku, hata mashekhe, kanzu wamezikunja magotini kama wavuna mpunga. Nimecheka peke yangu barazani.

Kaja Gaudens, yule Mchaga wa ghala la kahawa, na gazeti la Kizungu alilofungia samaki. Kanionyesha picha. Kijana angani! Mbao ndefu miguuni, kainama mbele kama anayechungulia kisima. Gaudens kasoma: umri miaka kumi na minane, kaserereka mlimani juu ya theluji, karuka zaidi ya mita mia moja. Duniani hajawahi mtu. Nikamwambia uongo. Mita mia ni toka barazani kwangu mpaka geti la soko, na mimi njiani napumzika mara mbili.

Mjukuu wangu Zamda alikuwa nyuma ya mlango. Akauliza, wasichana je? Gaudens akasema huko Norwei wapo, wanaruka vizuri tu, ila wakubwa hawawataki mashindanoni. Wanadai mwili wa kike utaharibika.  Zamda kaitazama picha mpaka samaki wa watu akaanza kunuka.

Jumatano, 15 Aprili

Binti yangu Amna kaniambia leo, anachambua mchele, haniangalii. Zamda ameshakuwa mwari. Mwezi wa Mfungo Tano ukiandama anawekwa ndani, hatoki mpaka aolewe. Baba yake, aliyeko Tabora na biashara ya nta, ameridhia. Nikasema ana miaka kumi na minne tu. Akasema yeye aliingia na kumi na mitatu, na hakufa.

Mwezi utaandama Jumatano ijayo. Wiki moja!

Jioni Zamda kanijia. Babu, ule ukingo wa Msimbazi, watoto wanaposerereka na makarara ya mnazi — tope lake si sawa na theluji? Nikasema theluji sijaionja. Akasema, "Nataka kuruka kijito. Hata wale vijana wa Buguruni hakuna aliyefika ng'ambo. Nikifika, nitaingia ndani na sitalia."

Sasa mtoto akikwambia hivyo unafanyaje? Nimechukua msumeno.

Ijumaa, 17 Aprili

Mbao tayari. Mkangazi, nyembamba, ndefu kumpita Zamda mwenyewe. Pua nimezipinda kwa mvuke wa sufuria la Amna. Nikazitia misuruaki, vijiti vya kubana kwa vidole, kama mitawanda. Miaka arobaini natia msuruaki, mkono hauulizi tena.

Baada ya sala ya Ijumaa (nilisali, ingawa kwenye khutba nilisinzia) tukaenda. Zamda kapiga kanga winda. Vijana wa Buguruni wakauliza kama nimekuja kuuza milango. Tukakandika kichuguu cha udongo chini ya mteremko, cha kurukia. Kaserereka — upepo! — kaondoka kichuguuni, na huko juu ubao mmoja ukaamua kurudi nyumbani. Kumbe msuruaki humshika mtu akitembea tu. Angani haumjui.

Kaangukia majini. Damu kati ya vidole. Sikucheka, na mimi hucheka mazikoni. Yeye ndiye aliyecheka.

Jumamosi, 18 Aprili

Aibu. Mimi Humoud, fundi mitawanda, nimekwenda kwa Mbaruk, mshona makubadhi ya ngozi, mtu tusiyesalimiana naye tangu enzi za Mdachi, kuomba mkanda wa ngozi. Kauliza mitawanda siku hizi inafungwa gidamu? Nikasema nafunga punda. Akasema, "Punda yule niliyemwona jana Msimbazi, kavaa kanga?"

Mji huu!

Lakini kanipa ngozi ya ng'ombe, nzuri, hakutaka kitu. Tena kanionyesha: bana mbele ya unyayo, kisigino kiache kiinuke. Sasa nitaendelea kumchukia kwa lipi?

Jumatatu, 20 Aprili

Kisigino huru! Hapo ndipo palikuwa pametushinda. Kapaa, mikono ubavuni, pua mbele, kama yule wa gazetini. Kaanguka karibu kabisa na ng'ambo, maji mpaka kiunoni.  Kijana mmoja wa Buguruni kaenda mwenyewe kukiongeza kichuguu, hakuna aliyemtuma.

Mbao nazisugua nta kwa chini. Nta ya Amna. Atagundua. Potelea mbali.

Jumanne, 21 Aprili

Kagundua. Nta, na magoti ya Zamda yaliyochubuka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo la kuogopa. Kafunga mlango, ufunguo kautia kifuani. Akasema, "Baba, unamfundisha kuruka mtu anayefungiwa kesho. Huo si wema."

  Nikamwambia mwezi bado haujaandama. Akaingia jikoni.

Jumatano, 22 Aprili

Msimbazi. Naandika kwa penseli, karatasi imelowa, basi.

Amna alikwenda sokoni asubuhi. Zamda kapanda ukuta wa uani. Mimi nilikuwa upande wa pili na mbao. Sikumwita. Ila sikuondoka.

Mvua nzuri, tope linang'aa. Yuko juu kabisa ya ukingo, anakaza mikanda. Nilikuwa nainua mkono kumwashiria — nikamwona Amna. Kapita darajani, katokea ng'ambo ya kijito, kapu la sokoni bado mkononi. Nikasema basi, yamekwisha. Nikamwashiria mtoto akae. Kakaa.

Amna hakumwita. Kakitazama kichuguu. Kayatazama maji. Akaniuliza toka ng'ambo, kwa sauti ya kawaida tu, akiruka sawasawa ataangukia wapi.

Nikamwonyesha.

Kaweka kapu chini. Buibui kalifunga kiunoni, kainama pale pale nilipoonyesha, anaokota mawe anayatupa majini. Moja baada ya jingine. Kijana mmoja wa Buguruni alivuka kumsaidia, kamfukuza. Anaukanyaga udongo kwa mguu, haridhiki nao, anaukanyaga tena. Tope mpaka kwenye viwiko. Amna, asiyevumilia hata vumbi la msumeno wangu!

Zamda kasimama. Anatazama chini, anaona kila kitu. 

Limebaki jiwe kubwa, nusu limezama. Analisukuma kwa bega. Nikauliza nije? Akasema nisithubutu.

"Mwambie asubiri," kasema. "Hili bado."