Weka Mkono Ndani ya Gunia

Jumanne. Mvua imeanza mchana na bado inapiga mabati. Sweta langu limelowa chepechepe, lakini leo nina furaha, hata sijali.

Mimi ni afisa mpya wa kilimo katika kiwanda cha chai huku Mogogosiek, na bado niko kwenye majaribio. Wakulima wa kituo changu cha kukusanyia majani ya chai wana tabia ya kuyashindilia kwenye magunia. Majani hupata joto, yakawa mekundu, na karani wa mizani huyakataa. Mtu amechuma tangu alfajiri, halafu anarudi nyumbani na mzigo uleule.

Wiki jana niliwahutubia. Nilisema kuhusu uzingatiaji wa viwango vya ubora wa malighafi. Wakatikisa vichwa, "Eee, madam, ni ukweli." Mwenyekiti wao akaomba nipigiwe makofi ya kilo, yale mazito ya kumpongeza mgeni.

Kesho yake magunia yalikuja yameshindiliwa vilevile.

Nilikasirika, nikawaita wabishi. Kumbe hapa mgeni akiongea hakatizwi, hata kama hakuna anayemwelewa. Ni heshima. Kwetu Kisii tungeshamwuliza anasema nini!

Jana msimamizi wangu hakunificha: majani yakikataliwa tena, kazi hii atapewa mtu anayeelewana na wakulima. Niliogopa sana.

Leo nimefika kituoni kabla ya lori. Nimewasalimia kwa lugha yao, "Chamgei!" na hotuba nikaiacha. Gunia la Mama Chebet lilikuwa limefura karibu kupasuka. Nikamwomba aingize mkono mpaka katikati.

Akautoa mbio. "Uui! Iko moto kama ugali!"

"Hiyo moto ndiyo inaunguza majani, mama. Weka tu, usisukume. Sasa mimi nikienda, utamwambia nini jirani ambaye hajakuja?"

Hakunijibu mimi. Aliwageukia wenzake, akawaeleza kwa Kipsigis, na mara kila mtu alikuwa anaingiza mkono kwenye gunia lake na kupiga kelele. Mzee mmoja alinikatiza akitaka kujua kama gunia likikaa kivulini bado litapata joto. Nilimjibu, akanikatiza tena. Sijawahi kufurahia kukatizwa hivyo.

Majani yalikuwa bado hayajaungua. Tuliyamwaga mezani, tukayatandaza yapoe, tukayapakia upya bila kusukuma. Karani alikagua gunia baada ya gunia, uso umekunjamana kama kawaida yake. Yote yakapanda lori.

Mama Chebet akanishika mkono. "Madam, kumbe unajua kuongea! Sasa ile siku ingine ulikuwa unatuhutubia ya nini?"

Nilicheka tu. Lakini njia nzima nimekuwa nikilitafutia swali lake jibu, na naona ni hili: niliogopa kwamba nikisema maneno madogo, wataniona mdogo.

Keshokutwa naenda kituo kingine, ambako hakuna anayenijua. Je, nitathubutu?